MJADALA: Duka la dawa lizuiwe kutibu magonjwa ya ngono Nyanda za Juu Kusini?

Mleta mada, Makambako
Wadau, utafiti wa kitaifa wa 2022-23 umeiweka tena Njombe kileleni kwa VVU kwa watu wazima: asilimia 12.7. Iringa 11.1, Mbeya 9.6, Tanzania nzima 4.4. Lawama zote wanabebeshwa madereva wa malori. Mimi naitazama kaunta ya duka la dawa. Mtu anatokwa usaha, anaomba "dawa ya mkojo mchafu", anapewa vidonge vinne, kwisha. Ugonjwa wa ngono usiotibiwa vizuri unairahisishia VVU njia. Duka lisiguse kabisa.

Mfamasia, Uyole
Kabisa? Hapana. Ila hivyo vidonge vinne ni balaa kweli. Doksisaiklini ni miligramu 100, kutwa mara mbili, siku saba, yaani kapsuli 14. Usaha ukipungua siku ya tatu mteja anaona amepona. Tena doksi hapo ni ya klamidia, ugonjwa mwingine wa ngono. Kisonono, ambacho mara nyingi huambatana nayo, kinataka sindano ya seftriaksoni. Siprofloksasini inayoulizwa kila siku dirishani imeshazoewa na vimelea sehemu nyingi. Halafu kuna wanaoshushia doksi kwa maziwa ati kukata makali. Maziwa yanazuia sehemu ya dawa isiingie mwilini. Ni maji, bilauri nzima, na usilale papo hapo, itakuunguza koo. Mjamzito asipewe.

Muuguzi, Mafinga
Mnaongelea wanaume tu. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo dukani hawafiki. Mume akimeza dozi peke yake, wiki mbili baadaye anaambukizwa upya na kusema dawa ni feki. Wenza watibiwe pamoja, na wasikutane kimwili mpaka siku saba zipite. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, nani anakumbuka hata kondomu?

Wa Mpakani, Tunduma
Sheria nzuri ya kwenye karatasi. Utingo yuko kwenye foleni ya malori, saa nne usiku, zahanati imefungwa, duka liko wazi. Mfungie duka, ataenda kwa mganga. Na mganga atapata sifa za bure, kwa sababu kidonda cha kaswende kinafunga chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita, ugonjwa ukibaki kwenye damu. Sindano moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, ingemaliza kazi mapema.

Mleta mada, Makambako
Mwanza miaka ya 1990 waliboresha tiba ya magonjwa haya kwenye zahanati na vituo vya afya, maambukizi mapya ya VVU yakashuka kwa takriban asilimia 40. Zahanati, siyo maduka.

Muuguzi, Mafinga
Walifundisha watumishi na dawa hazikukatika. Hapo ndipo pagumu. Na wale wanaojificha nyuma ya tohara: inampunguzia mwanaume hatari ya VVU kutoka kwa mwanamke kwa asilimia 60 hivi, ila kisonono hakiijui tohara.

Mfamasia, Uyole
Basi duka lisiuze nusu dozi, sindano ibaki zahanati, na mteja aondoke na karatasi mbili za rufaa, yake na ya mwenza.

Wa Mpakani, Tunduma
Na mwenza aliyeko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye jina lake kamili hata hulijui? Hiyo karatasi anapelekewa na nani?