Kipoza maji cha kompyuta kipimwe AC ikiwaka au imezimwa?

Kijana wa Maweni: Nimeijaribu i9-14900K yangu, prosesa ya Intel, kasi nimeipandisha, kipoza maji cha feni tatu. Cinebench, programu ya kuipima prosesa kwa kuichosha, dakika kumi, imegota digrii 84. Chumba kina AC, digrii 22. Mliosema Malindi hii kupoza kwa maji ni kutupa pesa, mko wapi? Au mtasema matokeo si halali?

Mtu wa Shela: Si halali. Umepima AC, kipoza hujakipima. 84 toa 22 ni 62, joto linalozidi la chumba, hicho ndicho kipimo cha kipoza chako. Kwangu Lamu kaskazi ikikaza chumba kinafika 32. Jumlisha mwenyewe: 94. Lakini nyinyi wa Malindi, Wataliano wamewajaa, mshazoea baridi ya Mtaliano.

Kijana wa Maweni: Mtaliano kaingiaje hapa? AC nimenunua kwa jasho langu na stima nalipa mimi.

Bi Langoni: 94 si karibu izime? Nilisoma mahali kikomo ni 95.

Fundi Barani: Dada, 95 ni Ryzen 7000, prosesa za AMD. Hii ya Intel ni 100, na ikifika hapo haizimi, inajipunguza mwendo. Isitoshe Shela amemhurumia. Hata kabla ya kuongezwa kasi, Intel wenyewe wanaiandikia wati 253, na maji huchelewa kupata moto. Dakika kumi maji bado yanapanda. Mpe nusu saa, joto la maji lisimame, ndipo usome namba.

Mtu wa Shela: Umesikia? Na kapuchino yako pembeni.

Kijana wa Maweni: Mtu anayebebewa saruji na punda anifundishe mimi kompyuta!

Bi Langoni: Ngoja kwanza. Punda wa Lamu wana hospitali yao tangu 1987. Tuktuk yako ikiugua inalazwa wapi?

Kijana wa Maweni: Sina tuktuk.

Bi Langoni: Basi hata punda huna.

Fundi Barani: 😂 Jamani. Kijana, hicho kipoza ni cha kiwandani au umejaza mwenyewe? Nauliza kwa sababu kuna mteja kaniletea chake, kamimina maji ya kisima, haya haya yetu ya chumvi. Bloku, ile inayokaa juu ya prosesa, ya shaba; rejeta, ile ya kupoza maji kwa feni, ya alumini. Nilipofungua, unga mweupe umejaa, vinjia vya bloku vimeziba vyote. Vya kiwandani navyo huchanganya shaba na alumini, ila maji yake yametiwa dawa ya kuzuia kutu.

Mpita Njia: Fundi, maji ya betri yanafaa?

Fundi Barani: Yale yaliyochujwa madini, pamoja na dawa, ndiyo. Tindikali hapana, nisije nikashtakiwa.

Kijana wa Maweni: Changu cha kiwandani. Leo usiku nazima AC, nusu saa nzima, niwafunge midomo.

Mtu wa Shela: Usiku? Zima saa nane mchana.

Bi Langoni: Akishawaomba radhi punda.