Wachezaji wa gemu za onlaini watumie majina yao halisi? Nataka kuweka sheria kwenye ligi yangu

Mwenye Banda:

Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha gemu huku Mbagala, PlayStation nne na feni moja, na tangu mwaka jana nimeanzisha kaligi ka eFootball, ile gemu ya mpira ya kwenye simu, kila mtu anacheza akiwa kwao na bando lake, mimi nasimamia mambo kwenye grupu la WhatsApp. Tuko 32, kiingilio buku tatu, bingwa anachukua hela yake siku ileile.

Kinachonisumbua ni majina. Watu wanajiita wanavyotaka, mara Mkata Umeme, mara Jini Kisirani, na jina likichafuka wanatafuta lingine. Kuna jamaa akiona kafungwa mbili anazima data, mechi inakatika, halafu anakuja kulia mtandao mbovu. Nilimtoa, wiki ya pili karudi na laini nyingine na jina lingine, nimekuja kumshtukia kwa jinsi anavyopanga mabeki watatu maana kwenye ligi yangu hakuna mwingine anayecheza vile.

Mwingine ndo kaniumiza zaidi. Kafungwa nne bila na kijana wa form two, saa tano usiku akamtumia yule mtoto voisi ya matusi ya nguoni, dakika nzima. Kesho yake mama wa kijana kaja kibandani na simu mkononi, akaiweka ile sauti mbele ya wateja wangu wote. Sikuwa na pa kuweka macho.

Kwa hiyo msimu ujao nataka kila mchezaji aweke jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, ndani ya gemu, kwenye grupu, na kwenye ratiba ninayobandika ukutani. Naamini mtu akiwa amebeba jina la baba yake ataogopa kutukana. Mke wangu kaniambia nisifanye haraka, niulize kwanza. Naulizeni nyie mnaocheza.

Kibopa wa Temeke:

Weka hiyo sheria mkuu na usisikilize mtu. Kwenye ndondo huku mtaani mchezaji anajulikana mpaka kwa shangazi yake, akikata mtu buti makusudi nyumbani wanapata habari kabla hajavua viatu. Kwenye simu mtu anajificha nyuma ya jina la jini ndo maana anapata jeuri. Asiyetaka kujulikana aende ligi nyingine.

Dada_Skopu:

Kaka Mwenye Banda nakuomba usiweke, na nakueleza kilichonikuta mimi ili uelewe siongei kwa kusikia.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa nacheza gemu ya kupigana risasi, kwenye profaili nimeweka jina langu la kwanza tu, lile nililozaliwa nalo, sikuona ubaya. Kwenye skwadi yetu tulikuwa na grupu la WhatsApp la kupangana muda wa kucheza. Kuna mkaka mmoja humo nilimwambia sitaki mazoea nje ya gemu, akanyamaza. Kumbe kachukua namba yangu kwenye grupu, kaingia kwenye kutuma pesa kama vile ananitumia elfu moja, na mnajua kabla hela haijaenda jina linatokea. Likamtokea, majina yote matatu kama nilivyosajilia laini kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA. Akakatisha muamala. Akaenda Facebook, akanikuta na picha za mahafali ya dada yangu na jina la chuo ninachosoma.

Jumatatu asubuhi nikafungua inboksi nikakuta picha moja tu bila maneno. Ni geti la chuo chetu, na lile bango la chipsi lililo pembeni yake, imepigwa siku hiyohiyo maana lori la mchanga lililokwama pale alfajiri linaonekana.

Nilikaa wiki mbili sitoki peke yangu. Nimebadili laini, nimefuta akaunti niliyoipandisha levo kwa mwaka mzima. Sasa hivi nacheza na jina ambalo halisemi mimi ni mwanamke au mwanaume, na maiki siwashi kamwe, hata tukifungwa kwa sababu siwezi kuwaambia wenzangu adui yuko ghorofani.

Na kitu kingine kaka, majina yetu sisi yanasema mengi. Ukisoma majina matatu ya mtu umeshajua jinsia yake, mara nyingi dini yake, na la ukoo linakupeleka mpaka mkoani kwao. Yule mtukanaji wako alikuwa na dakika moja ya matusi akiwa hamjui mtoto. Angemjua mpaka kabila lake angekuwa na la kuongezea.

Kibopa wa Temeke:

Pole sana dada, hilo la geti limenitisha kwa kweli. Ila mbona China wameweka majina halisi kwenye magemu na mambo yanakwenda?

Fundi Seva:

Kibopa hapo tutenganishe vitu viwili, kujulikana na mwenye mfumo na kujulikana na kila anayecheza na wewe. China majina halisi ni ya kusajilia akaunti ili umri ujulikane, na tangu Septemba 2021 aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa moja tu, saa mbili mpaka saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini unayepambana naye uwanjani anaona jina la gemu, haoni la kitambulisho.

Anachotaka Mwenye Banda kilishajaribiwa na watu wenye hela kuliko sisi wote humu. Tarehe 6 Julai 2010 kampuni ya Blizzard ya Marekani, wenye magemu ya World of Warcraft na StarCraft, walitangaza kwamba mtu akitaka kuandika kwenye majukwaa yao atatokea kwa jina lake la kweli, la kwanza na la ukoo. Sababu waliyotoa ni hiihii ya kwako, kupunguza matusi na fujo. Wachezaji wakalipuka, maelfu ya majibu, na wanawake wengi waliandika kitu kilekile alichoandika Dada_Skopu hapo juu. Mfanyakazi wao mmoja akataka kuonyesha kwamba hakuna hatari, akaweka jina lake hadharani. Muda si mrefu watu wakawa wamechimbua mpaka mambo ya nyumbani kwake na ya ndugu zake. Tarehe 9 Julai bosi wao Mike Morhaime akaandika kwamba wameachana na mpango huo. Siku tatu tu.

Korea Kusini ndo walikwenda mbali zaidi, waliweka sheria kabisa mwaka 2007 kwamba saiti kubwa lazima zihakiki jina halisi la mtu kabla hajaandika kitu. Zile taarifa zikarundikana mahali pamoja, 2011 wadukuzi wakaingia kwenye kampuni moja wakabeba za watu kama milioni 35, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ya kwao ikaifuta hiyo sheria. Mwaka huohuo wa 2011 mtandao wa PlayStation nao uliingiliwa, akaunti zipatazo milioni 77, yakiwemo majina na anwani. Aliyekuwa amejaza jina la uongo pale wakati mwingine alilala usingizi kuliko aliyejaza la kweli.

Halafu mkuu hebu fungua Facebook sasa hivi, nenda kwenye posti yoyote ya Simba na Yanga usome maoni. Wale wana majina yao, picha zao, wengine wamebeba na watoto. Wanatukana vilevile.

Mbongo Ohio:

Nipo Marekani na nina vijana wawili wanaocheza, hili ndilo jambo linaloninyima usingizi kuliko mambo mengi ya huku. Desemba 2017 kule Wichita, Kansas, wachezaji wawili wa Call of Duty, gemu ya kupigana risasi, waligombana kwa dau la dola moja na nusu. Mmoja akamtolea mwenzake anwani ya nyumba aliyokuwa akikaa zamani akamwambia njoo. Huyo mwenzake akamtafuta mtu wa tatu kabisa, na huyo wa tatu ndiye akapiga simu polisi na uongo kwamba kwenye nyumba ile kuna mauaji na mateka. Polisi wakaizunguka nyumba, baba wa watoto wawili akafungua mlango aone kuna nini, wakampiga risasi akafa. Hakuwa mchezaji, hakuwa na habari na gemu wala na hao watu. Aliyepiga simu alifungwa miaka 20.

Najua polisi wa Mbagala hawaji na vifaru kwa simu moja. Ila uelewe tu kwamba ugomvi wa gemu ukipata anwani unatoka kwenye simu, na haumpati kila mara yule aliyekuwa anagombana.

Mwenye Banda:

Nimesoma yote, na ile ya geti nimemsomea mke wangu. Basi majina ya ukutani nimeyaacha. Lakini niambieni nifanyeje na mzima data, na yule wa matusi? Nikiwaacha wajiite watakavyo narudi palepale.

Mzee wa Kisauni:

Mimi naendesha mashindano hapa Mombasa mwaka wa nne sasa, yako madogo kama yako, nikueleze navyofanya.

Nina daftari. Mchezaji akija kujiandikisha naandika jina lake halisi na namba yake, akiwa mdogo naandika na namba ya mzazi na mzazi nampigia kabisa. Daftari hilo liko kwangu kwa kabati, msaidizi wangu mwenyewe halifungui, na msimu ukiisha kurasa zile nazichoma. Huko nje kila mtu ana jina lake la gemu, ila ni moja kwa msimu mzima, akilibadilisha ametoka. Na usifuate jina pekee ndugu yangu, fuata namba ya akaunti, maana jina la gemu linabadilika ila ile namba ya akaunti inabaki ileile, iandike kwa daftari mbele ya jina lake. Kila mmoja anaweka na amana mbali na kiingilio, kwangu ni shilingi mia mbili za Kenya, akimaliza msimu bila visa anarudishiwa. Tangu niweke amana mtandao wa watu umekuwa mzuri sana.

Na hilo grupu la WhatsApp livunje leo. Unataka kuficha majina na huku namba za watoto wa watu zimeanikwa kwa wageni 31, na umesikia namba inavyotoa jina. Fungua chaneli, mfuasi hamuoni namba mfuasi mwenzake, matokeo wakutumie wewe.

Fundi Seva:

Naunga mkono, na niongezee kwamba huku kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Ukianza kuandika majina na namba za watu, tena watoto, ujue unashika mali ya watu. Chukua kile unachohitaji tu. Namba ya NIDA huihitaji kwa ligi ya buku tatu, usiombe.

Kibopa wa Temeke:

Mimi nimeelewa kwenye daftari. Diamond Mtanzania gani hajui anaitwa Nasibu Abdul, ila kwenye bango limeandikwa Diamond na akiharibu anaharibikiwa Diamond. Jina la gemu nalo likidumu linapata aibu yake, kumbe tatizo ni kubadilishabadilisha.

Mwenye Banda:

Wakuu nimerudi. Grupu nimelivunja jana usiku, chaneli ipo. Daftari nimenunua la kurasa 48, na ratiba nimeiandika upya kwenye manila kwa maka pen, majina ya gemu matupu. Yule kijana wa form two kaja na mama yake kujiandikisha, nikamuuliza msimu huu unaitwa nani, akamtazama mama yake kwanza, akasema "Nne Bila". Mama kacheka, nami nimeandika hivyohivyo.

Wa matusi nimempigia simu mwenyewe, sikumtaja popote. Kakubali kwamba sauti ni yake. Nimemwambia msimu huu hachezi, na kama anataka msimu ujao aje kwanza kibandani amwombe radhi yule mama, uso kwa uso. Kasema atakuja Jumamosi.

Dada_Skopu:

Asante kaka. Mama na mtoto uwape taarifa mapema kwamba anakuja, wachague wenyewe kama wanataka kumuona. Na kama nafasi bado zipo naomba moja, jina la gemu nitakutumia inboksi.