Tupeane uzoefu: mgongo na mikono, ulianzaje na nini kilikubali kwako?

Mbeba_Zege (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Aliyewahi kujenga mgongo au mikono, iwe gym, iwe uwanjani, iwe uani kwa dumu la maji, naomba aeleze alivyofanya, kilichokubali na kilichomuumiza. Ratiba za kunakili tunazo za kutosha, nataka yaliyokupata wewe. Naanza mimi.

Nilianza kupiga chuma mwaka 2017 kwenye gym ya mtaani huku Mbagala. Anayezijua gym zetu anajua: ua wa mabati, benchi la mbao, bomba lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege kila upande, na gia za lori za kuongezea uzito. Kwa miaka miwili nilikuwa na siku za aina mbili tu, siku ya kifua na siku ya mikono. Siku ya mikono nakunja chuma mpaka vidole vinashindwa kushika kikombe. Mkono ulijaa miezi ya mwanzo, ukafika sentimita 33, ukasimama hapo. Kilichoendelea ni mabega kwenda mbele kama mtu aliyebeba gunia, na bega la kulia likaanza kuuma kila nikimnyanyua mwanangu.

Kuna mzee pale anafundisha vijana bila malipo. Akanisimamisha, akanitazama kwa ubavuni, akauliza, "Pulapu unavuta ngapi?" Yaani kuning'inia bombani na kujivuta mpaka kidevu kipite bomba. Nikapanda nikavuta tatu, ya nne kidevu hakikufika. Na wakati huo benchi nasukuma kilo 80. Akaniambia, "Umejenga ukuta wa mbele tu, nyuma hakuna nyumba." Akanipa sharti: kila seti moja (marudio ya mfululizo kabla ya kupumzika) ya kusukuma, mbili za kuvuta.

Nikawa na deni la pulapu 25, siku tatu kwa wiki. Sikujali nalilipa kwa seti ngapi. Wiki ya kwanza nililipa kwa mbilimbili na mojamoja, nikipumzika dakika mbili kila mara, ikachukua karibu nusu saa. Sikurusha miguu. Naning'inia mikono imenyooka, nashusha mabega kwanza, ndipo navuta viwiko kuelekea mbavuni. Hilo la viwiko ndilo lililonifungua. Ukiwaza kuvuta kwa viganja, mikono inafanya kazi peke yake na inachoka mapema. Ukiwaza kiwiko kinashuka kwenda mfukoni, mabawa, yaani misuli mipana ya pembeni mwa mgongo, yanaamka. Baada ya hapo, seti tatu za kuvuta chuma nikiwa nimeinama, mgongo umenyooka, chuma kinafika kitovuni. Kukunja mikono kulibaki mwishoni kabisa, seti mbili, basi.

Baada ya miezi mitano nikavuta 11 mfululizo. Nikapima mkono kwa futi ya fundi cherehani, 36. Mkono ulioniganda miaka miwili ulikua nilipopunguza kuukunja. Ukitafakari inaeleweka: mimi nina kilo 71, na kila pulapu viwiko vinakunjwa vikiwa vimebeba karibu mwili mzima. Hakuna chuma cha kilo 71 ambacho ningeweza kukikunja nikiwa nimesimama. Bega nalo likaacha kuuma, na hilo nalithamini kuliko hizo sentimita.

Karibuni.

Pacha_Wawili

Asante kwa uzi, kaka. Mimi ni mama wa mapacha na kazi yangu ni cherehani. Mgongo wa juu ulikuwa unawaka kila jioni, katikati ya mabega kama umewekwa kaa la moto. Gym sikuwa na muda wala hela, nikaanzia uani.

Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. Mkono mmoja nimeegemeza kwenye kiti, mwingine navuta dumu hadi mbavuni, mara 12 kila upande, raundi tatu. Lilipokuwa jepesi nikajaza mchanga, linapata kama kilo 8. Baadaye nikahamia ndoo ya lita 20, naanza na nusu. Kuongeza uzito kwa kikombe cha maji ni raha ambayo chuma cha dukani hakikupi, unajiongezea kidogo kidogo mpaka mwenyewe hushtuki.

Pulapu sikuweza hata moja. Shemeji alinifungia bomba kati ya nguzo mbili, nikawa napanda stuli mpaka kidevu kiko juu ya bomba, naondoa miguu, kisha nashuka nikihesabu mpaka tano. Nashuka tu, sipandi. Mara tano, siku mbili kwa wiki, viganja vikinitazama kwa sababu hapo msuli wa mbele ya mkono unasaidia zaidi. Wiki ya kumi na mbili nilipanda mwenyewe bila stuli. Nililia.

Dada zangu mnaoogopa kuwa na mikono ya kiume, nina mwaka wa tatu sasa. Blauzi zangu ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba nabeba watoto wawili mara moja na jioni silali na dawa ya kuchua.

Kijana_wa_Ngamiani

Dada Pacha nimekuelewa sana hapo kwenye kushuka. Kesho naanza.

Mvuta_Juya

Mimi sijawahi kuingia gym maisha yangu. Ni mvuvi, Bagamoyo. Tunavuta juya ufukweni watu zaidi ya kumi, kamba imelowa, miguu imezama mchangani. Waliokuja kutusaidia wenye vifua vikubwa wengi walichoka mikono kabla ya nyavu kufika, vidole viliachia. Mwili una nguvu, kiganja hakina.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Beba madumu mawili yaliyojaa, moja kila mkono, tembea hatua hamsini bila kuweka chini, mabega yasipinde. Na ning'inia tu kwenye bomba mpaka vidole viombe msamaha. Ukiona pulapu zinaishia tano huku mgongo bado una pumzi, basi kiganja ndicho kilichokwama.

Baba_Rayyan

Nipo Muscat, gym ya mashine. Nilikuwa navuta ile mashine ya kutoka juu nikishushia bomba nyuma ya shingo, nimeona wengine wanafanya hivyo nikaiga. Miezi sita bega likawa linagonga kama mlango mbovu. Mtaalamu wa viungo akaniambia nishushie mbele, juu ya kifua, kiwiliwili kiegee nyuma kidogo. Maumivu yaliisha baada ya wiki chache. Nawasihi mliozoea nyuma ya shingo, jaribuni mbele. Hamtapoteza chochote.

Niliyerudi_Salama

Nimesita kuandika ila nadhani kuna mtu atafaidika.

Niliacha mazoezi karibu miaka miwili. Siku ninarudi, rafiki zangu walikuwa na shindano la pulapu 100 kwa siku moja. Mwili unakumbuka, nikasema, nikavuta zote 100 na bado nikakunja chuma juu yake. Kesho yake viwiko havinyooki, nikasema ni maumivu ya kawaida. Siku ya pili mikono imevimba, ngozi imekaza, na mkojo ulitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Nililazwa siku nne nikiwa na dripu. Daktari alinieleza kwamba misuli ilichanika kupita kiasi, vitu vilivyomo ndani yake vikamwagika kwenye damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuvichuja. Wapo wanaofika hospitali figo zimeshasimama.

Maumivu ya kawaida yanakuja siku moja au mbili baada ya zoezi, kisha yanapungua, na bado unaweza kunyoosha mkono. Uvimbe mkubwa, mkono usionyooka na mkojo mweusi si ushujaa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukirudi baada ya mapumziko marefu, anza na theluthi ya ulichokuwa unafanya, hata kama unajiona unaweza zaidi.

Mbeba_Zege

Pole sana mkuu, na ahsante kwa kutuandikia. Hili nitalisoma kwa sauti kwa vijana wa pale kwetu.

Kijana_wa_Ngamiani

Wakuu, na chakula je? Kuna unga wa protini wa makopo nauziwa bei ya kodi ya mwezi. Na kuna jamaa ananiambia sindano inamaliza kazi ndani ya wiki nane.

Mbeba_Zege

Mdogo wangu, sindano acha kabisa. Ile ni homoni. Ukiichoma, mwili unaacha kutengeneza ya kwako, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, na moyo unaumia kimyakimya. Nimeona rafiki yangu wa karibu akihangaika kupata mtoto, na kila alichokijenga kiliporomoka alipoacha. Sitaki uwe wa pili.

Unga si sumu, ni chakula tu, lakini si lazima. Kinachotosha ni kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku. Ukiwa na kilo 60 ni kama gramu 96. Yai moja lina gramu 6 hivi. Mimi naishi kwa dagaa, maharage, mayai, karanga na mtindi. Dagaa wakavu hawana mpinzani kwa bei yake, ila waoshe vizuri mchanga utoke. Na ugali kula, nani atavuta chuma na tumbo tupu?

Mzee_wa_Kilosa

Vijana wangu, nina miaka 63. Nilianza nikiwa na 60 baada ya kushindwa kunyanyua gunia la mahindi nililolibeba maisha yangu yote. Mwanangu ni askari, ndiye alinifundisha kunyanyua mzigo kutoka chini: sogea karibu mpaka mzigo uguse miguu, rudisha makalio nyuma, kifua mbele, vuta pumzi ujaze tumbo, kisha sukuma ardhi kwa miguu. Nilianza na ndoo ya maji nusu. Leo nanyanyua kilo 70, mara tano, Jumanne na Ijumaa. Sikujua kwamba mgongo unajengwa na miguu.

Mnaojisemea mmezeeka mkiwa na 45, mnanishangaza.

Pacha_Wawili

Shikamoo baba. Umenipa nguvu ya kumshawishi mama yangu. Yeye ana 58 na anasema mazoezi ni ya watoto.

Mzee_wa_Kilosa

Marahaba mwanangu. Usimpe dumu siku ya kwanza. Mwambie akae kwenye kiti na kuinuka mara kumi bila kushika kitu, kisha asukume ukuta kama anausogeza. Akizoea, mpe chupa za maji avute.

Mpangaji_wa_Chumba

Jamani mimi nimepanga chumba kimoja, mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta. Bomba nafunga wapi?

Mvuta_Juya

Kuna mti karibu? Tafuta tawi nene, ulining'inie kwanza taratibu miguu ikiwa bado inagusa chini, ulisikilize. Mwembe mzima unabeba, mpapai hapana. Kama gome linachuna, zungushia kanga kuukuu.

Mpangaji_wa_Chumba

Upo mwembe nyuma ya choo. Nikirudi kazini leo naenda kuujaribu.