Mtaa, orodha au kura: njia ipi ya kugawa shule inamtendea haki mtoto wa maskini?

Mzazi wa wawili: Wadau, tulinganishe. Nafasi za shule za umma mjini hugawiwa kwa mtaa unaoishi, kwa orodha ya shule unazozitaka, au kwa kura ya bahati. Mimi nasimama na orodha. Hata asiye na kitu anachagua.

Mwalimu wa msingi: Hapo kwenye "anachagua" ndipo penye kazi. Boston, Marekani, walikuwa na orodha ambapo shule ilijaza kwanza watoto walioiweka namba moja. Ukiweka inayogombaniwa ukaikosa, ukifika kwa chaguo la pili unakuta imeshajaa. Kulikuwa na kikundi cha wazazi waliokutana kupeana mbinu: hii usiiweke juu, ile ndiyo salama. Aliyejaza kwa moyo mweupe ndiye aliyeumia. Mwaka 2005 wakabadilisha utaratibu: ukikosa ya kwanza, kwenye ya pili huhesabiwi tena kuwa umechelewa.

Baba Kitindamimba: Basi turudi kwenye mtaa. Mtoto anatembea kwa miguu, mbinu zinaisha.

Mpangaji: Haziishi, kaka. Shule ikisifiwa tu, kodi za jirani yake zinapanda. Mimi nimehama kwa sababu hiyo, na mwanangu akahama shule. Shule ni ya bure, lakini ada yake tunamlipa mwenye nyumba.

Mzazi wa wawili: Na kura je?

Mwalimu wa msingi: Naipenda, ila tazama mipaka. Brighton and Hove, Uingereza, walianza kutumia kura mwaka 2008 kwa shule zilizoombwa na wengi kuliko nafasi. Waliotangulizwa ni wakazi wa eneo la shule. Kwa hiyo aliyechora ramani alishaamua mengi kabla ya kura.

Mpangaji: Mwanangu wa kwanza alipata nafasi shule nzuri upande wa pili wa jiji. Mabasi mawili alfajiri, mawili jioni, na mdogo wake hana wa kumpeleka. Muhula mmoja tu, nikamrudisha karibu. Nilichagua, nikapewa, nikashindwa nauli.

Mzazi wa wawili: Dada, nauli sikuifikiria kabisa. Mimi wanangu nawapeleka kwa gari. Kuna anayejua mji ambako mtoto akipewa shule ya mbali, na usafiri analipiwa?