Shakahola ni "mkasa", Garissa ni "ugaidi": haya majina anayagawa nani?

BintiBondeni:
Mimi ni fundi wa nguo hapa Bondeni, Nakuru. Wiki jana mteja alikuwa amenyoosha mikono nimpime kifua, runinga ikitoa habari za kesi ya Shakahola. Akasema, "Masikini, watu walipotoshwa tu." Habari iliyofuata ilikuwa ya washukiwa waliokamatwa Mandera. Mikono ikashuka yenyewe. Akatazama buibui langu, akatazama mlango. Hata kiuno nilikuwa sijapima.

Sasa nauliza bila ugomvi. Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri Mackenzie walifunga kula hadi kufa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Garissa Aprili 2015, Al-Shabaab walipovamia chuo kikuu, waliuawa 148. Ya kwanza naisikia ikiitwa mkasa, dhehebu, imani potofu. Ya pili ni ugaidi wa Kiislamu, dini imetangulia kabla hata ya idadi ya maiti. Simtetei muuaji yeyote, waliofanya Garissa Mungu anawajua. Nauliza tu haya majina anayagawa nani.

KijanaWaLondon:
Dada, mimi nakaa London na shangazi yangu anakaa Shabab, kwa hivyo ya majina usiniambie 😂

Kwa swali lako: Mackenzie hakuingia hosteli alfajiri na bunduki. Watu waliuza mashamba, wakapanda basi, wakaenda wenyewe. Huo ni ujinga na ugonjwa wa akili. Kule magharibi ndio kawaida yao, kuanzia Dini ya Msambwa mpaka Yesu wa Tongaren, yule wa Bungoma anayejiita Yesu. Wazimu ni wazimu, gaidi ni gaidi.

Wa_Kimilili:
Ngoja kwanza. Dini ya Msambwa umeiweka kwenye kapu moja na nani?

Jakendu:
Omera, hapo umeshika nyoka mkia. Lakini kwanza nielezwe: kuna London na kuna Shabab, zote Nakuru?

KijanaWaLondon:
Mitaa hiyo. Mpaka wadi ziko, London wadi na Shaabab wadi, uchaguzi tunapiga. Ukifika steji utasikia makanga anapaza sauti "Shabab! Shabab! Watu wawili tuondoke!" na hakuna anayelala chini.

Jakendu:
Watu wawili tuondoke 😂😂 Nimekufa.

Wa_Kimilili:
Mkimaliza kucheka nisikilizeni. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, kosa lake la kwanza lilikuwa magugu. Miaka ya vita vya Hitler, serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu wang'oe magugu mashambani kwa amri ya chifu. Yeye akakataa. Mwaka 1945 wakampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndilo neno hilo hilo ulilotumia, wazimu. Alipotoka hakunyamaza. Februari 1948 pale Malakisi polisi wakafyatulia umati risasi, watu 11 wakafa, na dini ndiyo iliyopigwa marufuku, si bunduki. Tukapata uhuru, na mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena.

Kwa hivyo ukisema "wazimu" jua unaongea kama DC wa mwaka 1948. Babu yangu alificha ngozi yake ya sherehe kwenye dari hadi panya wakaimaliza. Hakuwahi kuua hata kuku wa jirani.

KijanaWaLondon:
Sawa, sawa, mzee. Sikutukana babu. Lakini hata wewe kubali, wafuasi walichoma majengo.

Wa_Kimilili:
Majengo ya nani? Na shamba lilikuwa la nani? Huyo mtu alichezea timu ya Kenya kombe la Gossage dhidi ya Uganda, na leo kijana wa Nakuru anamuita wazimu.

KijanaWaLondon:
Haya sasa mpira. Masinde alicheza mpira? Hiyo umeitoa wapi?

Wa_Kimilili:
Uliza mzee yeyote wa Bungoma.

Jakendu:
Mulamwa, wazee wa Bungoma kila mmoja alicheza na Masinde, na kila mmoja alimpa pasi.

BintiBondeni:
Jamani. Swali langu.

Na wewe Kijana, umesema watu "walienda wenyewe". Mashtaka ya mauaji yaliyosomwa Malindi ni ya watoto 191. Mtoto wa miaka minne naye aliuza shamba?

Jakendu:
Hiyo ya watoto imeniuma, dada. Na mimi niongeze la kwangu. Kwetu ni Kendu Bay. Msikiti wetu ni wa zamani, na Wajaluo Waislamu tumejaa pale, tunakula mbuta na tunafunga Ramadhani. Majina yangu ni ya pande zote mbili, la Kiarabu mbele na la Kijaluo nyuma. Nilisimamishwa kwenye kizuizi nikienda Nairobi. Askari akasoma kitambulisho, akakigeuza nyuma, akarudi mbele, akaniambia, "Wewe amua moja." Abiria walicheka. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Lakini nilitoa mfuko mzima, hadi soksi, na jirani yangu mwenye panga jipya kwenye gunia hakuulizwa hata lilikuwa la nini.

MwanaWaMumias:
Jakendu, pole. Kwetu Mumias Uislamu ulifika na misafara ya Waswahili wakati wa mfalme wetu, Nabongo Mumia, kabla reli haijagusa Kisumu. Bado kuna watu wananiuliza "nyinyi mlikuja lini?"

Mwl_Chavakali:
Nimesoma kimya. Sasa niseme na mimi, kwa kuwa naona huruma imeelemea upande mmoja.

Nilifundisha kaunti ya Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilisimamishwa likielekea Nairobi, shule zimefungwa, walimu wanarudi nyumbani. Abiria walitenganishwa. Walioshindwa kutamka shahada walilazwa chini, wakapigwa risasi. Watu 28. Siku kumi baadaye machimbo ya mawe, wengine 36. Niliondoka na sanduku moja na redio, sikurudi tena, ingawa mwajiri alitutaka turudi. Nyumbani watu waliniuliza, "Nani alikutuma huko?"

BintiBondeni anauliza nani anagawa jina. Mimi namjibu: ni wao wenyewe. Aliyenielekezea bunduki na kuuliza dini yangu ndiye aliyeiweka dini mbele, si mwandishi wa habari. Nyinyi mnapolalamikia kichwa cha habari, kuna watu hawakubakiza kichwa.

BintiBondeni:
Pole sana, Mwalimu. Lakini "nyinyi" ni akina nani?

Nimezaliwa Nakuru. Mandera naiona kwenye ramani. Aprili 2014, ile operesheni ya polisi ya kusaka magaidi, Usalama Watch, watu kwa maelfu walisombwa Eastleigh, mtaa wa Wasomali Nairobi, wakajazwa uwanja wa Kasarani. Shemeji yangu alikuwa humo siku tatu, na kitambulisho cha Kenya mfukoni. Alirudi na kikohozi, na kiatu cha mguu mmoja. Hakuna aliyemuomba radhi. Kwa hivyo neno "nyinyi" nalijua, lina harufu yake.

Mwl_Chavakali:
Nilimaanisha mnaolalamika kuhusu vyombo vya habari. Sikumaanisha Waislamu.

BintiBondeni:
Sawa.

Jakendu:
Dada, "sawa" ya mwanamke ikiwa na nukta, kimbia.

MwanaWaMumias:
Mwalimu, tusisahau basi la pili. Desemba 2015, njia hiyo hiyo ya Mandera, walisimamishwa tena. Safari hii abiria Waislamu wakawapa Wakristo hijabu wajifunike, wakakataa kutengana. Wakasema uueni wote au mtuache. Salah Farah alipigwa risasi akiwatetea, akafariki Januari 2016. Naye alikuwa mwalimu.

Mwl_Chavakali:
Namjua Salah Farah kuliko unavyodhani. Jina lake nimelitaja darasani kila mwaka tangu nirudi. Sihitaji kukumbushwa.

KijanaWaLondon:
Hewa imekuwa nzito. Mimi nasema wa kulaumiwa ni wazungu. Novemba 2015 Paris walikufa 130, dunia nzima ikavaa bendera ya Ufaransa. Siku moja kabla, Beirut ililipuliwa, kimya. Na Garissa yetu mwaka huo huo? Januari marais walishikana mikono Paris kwa ajili ya lile gazeti la vibonzo lililoshambuliwa. Kwa wanafunzi wetu, nani alipanda ndege?

Wa_Kimilili:
Kijana, nakufahamu Facebook. Novemba 2015 picha yako ilikuwa na rangi tatu za Ufaransa. Nyuma yako kuna duka la mutura.

KijanaWaLondon:
Niliibadilisha kwa sababu kitufe kilikuwepo! Unabonyeza, imekwisha. Kwa Garissa kitufe hakikuwepo.

MwanaWaMumias:
Hilo ndilo la maana zaidi umesema tangu asubuhi, na umelisema ukijitetea.

Jakendu:
Kumbukeni pia hoteli ya Dusit, Nairobi, ilipovamiwa Januari 2019. Gazeti kubwa la New York likaweka picha ya watu wetu wamekufa mezani, damu na kompyuta zao. Wakenya wakachacha, wakauliza kama Septemba 11 wangeonyesha maiti za kwao hivyo. Na pale Dusit, mmoja wa wavamizi alikuwa Gichunge, mtoto wa mwanajeshi. Watu walikuwa wameshaandaa jina la Kisomali, likawakwama kooni.

Kondele_Mmoja:
Nimefika sasa hivi, sijasoma yote. Mnaongea ugaidi na hamjataja Naivasha. Januari 2008, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, wengi watoto na kina mama. Kuna aliyeita ugaidi? Iliitwa "vurugu za baada ya uchaguzi", kana kwamba uchaguzi ndio ulioshika kiberiti.

KijanaWaLondon:
Na kanisa la Kiambaa lililochomwa na watu ndani mwezi huo huo je? Au hilo halikufikii huko Kondele, Kisumu?

Kondele_Mmoja:
Nani amesema halinifikii? Mimi nimetaja moja, taja lako. Si mashindano.

KijanaWaLondon:
Umeitaja Naivasha kwa sababu iko Nakuru, na mimi ni wa Nakuru.

Kondele_Mmoja:
Nilijuaje wewe ni wa Nakuru? Umeandika London!

Jakendu:
😂😂😂

Mwl_Chavakali:
Tusifike huko, tafadhali. Hakuna kijiji hapa kisicho na kaburi la mwaka ule.

Nimesoma tena swali la kwanza. Kuna jambo hamjaliona. Januari 2024, kabla ya mashtaka ya mauaji, Mackenzie na wenzake 94 walisomewa mashtaka ya ugaidi, mahakama ya Mombasa. Wakakana. Lakini ni ugaidi, kwa sheria ile ile ya mwaka 2012 iliyotungwa tukiwafikiria Al-Shabaab. Mwendesha mashtaka ameshaita hivyo. Ni sisi na magazeti tunaosema "mkasa".

BintiBondeni:
Hilo sikulijua, Mwalimu. Miaka yote hii runinga iko juu ya cherehani yangu na sikuwahi kulisikia. Au lilisemwa nikashona.

Kondele_Mmoja:
Serikali haiwezi kushtaki mtu kwa ugaidi kwa sababu ya kufunga kula. Hiyo ni njia ya kubana makanisa.

MwanaWaMumias:
Kumbe sasa ukishtakiwa kwa ugaidi ni serikali inakuonea? Karibu kwenye chama, ndugu. Sisi Waislamu tuna kadi tangu ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa 1998.

Kondele_Mmoja:
Usiniwekee maneno mdomoni.

Wa_Kimilili:
Na Yesu wa Tongaren aliwekwa ndani siku kadhaa Mei 2023, hofu ya Shakahola ikiwa bado moto. Mahakama ikamuachilia, hakuna ushahidi. Hata yeye mlimcheka. Mimi simwamini hata kidogo, lakini polisi walimfuata kwa sababu ya kanzu.

Jakendu:
Kanzu na ile chai. Walisema anageuza maji kuwa chai. Mimi ningemfuata kwa chai peke yake, bei ya sukari ilivyokuwa.

BintiBondeni:
Yule mteja amekuja jana kuchukua gauni. Limembana kiunoni, kwa kuwa kiuno sikupima. Nimemwambia avue nilegeze. Akasubiri kwenye kiti kama nusu saa, runinga nikaizima. Tukaongea bei ya vitenge.

KijanaWaLondon:
Alilipa yote?

BintiBondeni:
Amebakisha mia mbili.

KijanaWaLondon:
Wa_Kimilili, nimeuliza mzee mmoja hapa ambaye ni Mbukusu. Amesema ni kweli, Masinde alicheza. Amesema pia yeye ndiye aliyempa pasi. Nani ana picha ya ile timu?