Sindano ya ganzi inauma kuliko kidonda chenyewe. Nani aliamua iwe hivyo?

Wadau, nina hasira. Binti yangu wa miaka saba alikatwa na mabati kwenye muundi, tukakimbia naye kwa boda hadi kliniki moja huku Eastlands, Nairobi. Jina la kliniki naliacha, maana tabia hii imeenea. Jeraha lilikuwa limeachama lakini mtoto alikuwa ametulia, anauliza tu kama atabaki na alama. Kilichomfanya apige mayowe hadi waliokuwa kwenye foleni wakasimama ni sindano ya ganzi. Dawa ambayo kazi yake ni kuondoa maumivu!

Niliona kila kitu. Asubuhi ya Julai, baridi ile mnaijua, chupa ya lignokeini, ile dawa ya ganzi, inatolewa kabatini. Dawa inavutwa kwa sindano nene, na sindano hiyo hiyo nene inadungwa kwenye ngozi nzima kando ya jeraha, kisha bomba lote linasukumwa kwa mkupuo mmoja. Nikaambiwa nimshike miguu. "Mama, mwambie ajikaze, ni kitu kidogo." Uzi ukaanza kupita kabla ganzi haijashika.

Ajikaze kwa nini, wakati njia za kupunguza maumivu hayo zinajulikana?

Lignokeini inachoma kwa sababu imetengenezwa ikiwa na asidi ili isiharibike chupani, na ile iliyochanganywa na adrenalini ina asidi zaidi. Mhudumu anaweza kuipunguza asidi hiyo muda mfupi kabla ya kudunga: kwa kawaida sehemu moja ya bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 8.4 kwa sehemu kumi za lignokeini. Haya, tuseme bikaboneti imeisha. Je, kuipasha dawa hadi joto la mwili nako kunahitaji bajeti? Sindano nyembamba, namba 27 au 30, nazo ni anasa?

Lakini kinachoniuma zaidi ni ile haraka. Dawa ikisukumwa kwa kasi inatanua nyama kwa ghafla, na huko kutanuka kwenyewe ni maumivu. Ikiingia polepole, tone baada ya tone, mtoto anapata nafuu kubwa. Jeraha likiwa safi, sindano inaweza kupitishwa ndani ya kingo zake zilizokwisha kufunguka, badala ya kutoboa ngozi nzima upya. Pale inapobidi kutoboa tena, unaanzia sehemu iliyokwisha kufa ganzi. Halafu unangoja dakika chache, unagusa, unauliza, ndipo unashona. Hata kusugua au kutikisa ngozi ya karibu wakati wa kudunga kunasaidia. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza tangu 1965 jinsi hisia za mguso zinavyoweza kuzuia za maumivu zisipite kwenye uti wa mgongo.

Kwa madaktari wa meno ni yale yale. Jeli ya ganzi iko mezani, inapakwa kwenye ufizi uliojaa mate, na sindano inafuata papo hapo. Jeli hiyo inataka ufizi uliokaushwa na dakika moja au mbili za kungoja. Bila hivyo, umepaka ya nini?

Msiniletee habari za foleni. Najua wahudumu wamechoka na wagonjwa ni wengi, lakini kudunga polepole kunaongeza dakika moja hivi, na dakika nyingi zaidi zilipotea tukipambana na mtoto aliyekuwa akirusha mateke. Sasa akiona tu koti jeupe anajificha nyuma yangu. Chanjo ijayo nitampelekaje?

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Mtoto wa Kayole au Dandora naye ni mtu.

Wazazi, kabla sindano haijaguswa, ulizeni: dawa imepashwa joto? Hiyo ndiyo sindano nyembamba kuliko zote mlizonazo? Mtasukuma polepole? Mkijibiwa kwa ukali, ulizeni tena.

Na nyinyi matabibu na wauguzi mlio humu, nawauliza waziwazi: mlifundishwa haya chuoni au hamkufundishwa? Kama mlifundishwa, ni nini hasa kinachowazuia mkifika wodini? Kama ni msimamizi anayewaharakisha, semeni. Kama ni vifaa, tajeni ni vipi, ili tujue pa kupeleka malalamiko.