Kilomita za sebuleni zihesabiwe au zisihesabiwe? Naombeni ushauri wakuu

Mkanyagaji_Tegeta
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana hili jambo limeshafika pabaya, kwenye grupu letu la wasapu watu hata salamu hawajibu vizuri.

Iko hivi, tuko sita, Januari tulikubaliana kila mtu apige kilomita 3,000 mpaka tarehe 30 Juni, asiyefika anawanunulia wenzake mbuzi mzima na vinywaji juu. Mwanzo nilikuwa vizuri tu, kila jumamosi alfajiri Tegeta, Bunju, Bagamoyo na kurudi. Mwezi wa pili bodaboda akanichomekea nikaenda chini, kifundo cha mkono kikateguka, daktari akanikataza kushika breki kwa wiki kadhaa, na nilipoanza kupata nafuu masika nayo hii hapa. Nikatafuta treina ya mtumba, ile ya kufunga baiskeli tairi la nyuma likasugua roda (kibomba kinachozunguka), nikaiweka sebuleni mbele ya tivii na ndo nakanyagia hapo kila siku saa 11 alfajiri, mke wangu anasema nyumba imekuwa mashine ya kusaga.

Leo tarehe 28 Aprili nina 1,212 za barabarani na 748 za ndani, jumla 1,960. Nimetuma skrinshoti, mwenzetu mmoja akajibu "hizo 748 ulikuwa unaenda wapi, jikoni?" Wengine wakacheka, na toka hapo ni ugomvi. Mimi jasho nimetoka la kweli, miguu imeuma kweli. Zihesabiwe au nianze kutafuta mbuzi?

Kidume_cha_Pugu
Tafuta mbuzi.

Dada_Nesi
Pole na mkono kaka. Mi nadhani mnachanganya vitu viwili, swali la kwanza lengo lenu ni nini, afya au safari? Kama ni afya hesabu yote bila aibu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, halijasema uzipatie Bagamoyo. Moyo hauna macho, haujui kama uko barabarani au unaangalia taarifa ya habari.

Kidume_cha_Pugu
Dada moyo hauna macho lakini mlima unao. Aje apande Pugu na upepo wa mbele ndo aniambie kilomita ni kilomita. Ndani hakuna kona, hakuna shimo, hakuna daladala inayosimama ghafla.

Fundi_Gia
Mkanyagaji kabla hatujakuhukumu naomba namba mbili. Wastani wa spidi barabarani ni ngapi na ndani ni ngapi? Na kile kitasa cha kukaza roda umekiweka wapi?

Mkanyagaji_Tegeta
Barabarani kilomita 24 kwa saa. Ndani inasoma 37.4 😅 Kitasa sijakigusa, kiko kama nilivyokikuta.

Kidume_cha_Pugu
HAHAHAHA 37.4 na mkono umeteguka. Timu za Ulaya zinakutafuta.

Fundi_Gia
Hapo ndo tatizo lilipo na sio kwamba wewe ni mwongo. Sensa yako, kile kifaa cha kupimia spidi, inahesabu mizunguko ya tairi basi, haijui tairi linazunguka kwa shida au kwa raha. Barabarani adui yako mkubwa ni upepo, na upepo hauna huruma, ukitaka spidi mara mbili nguvu ya kuupasua inapanda mara nane. Sebuleni huo upepo haupo, kuna roda tu, na kama roda imelegezwa hata mtoto wa darasa la tano anafika 35. Kwa hiyo kilomita za treina ya aina hiyo ni namba ya kitasa, ukikaza zinapungua ukilegeza zinaongezeka, kazi ya miguu ni ile ile.

Ila MUDA haudanganyi. 748 gawanya kwa 37.4 ni masaa 20 kamili. Chukua hayo masaa 20 zidisha kwa spidi yako ya barabarani 24, unapata 480. Hizo ndo kilomita zako za haki. Jumla 1,692.

Mkanyagaji_Tegeta
Yaani nimepoteza 268 kwa kuuliza swali.

Mzee_wa_Theluji
Niwasalimu kutoka Minneapolis. Nyie mnalalamikia mvua, huku kuanzia Novemba mpaka Machi barabara ni barafu, nisipohesabu za ndani mwaka wangu una miezi saba. Mi natumia treina zile zinazopima wati, yaani nguvu unayokanyagia, naunga na Zwift, apu ya kuendesha baiskeli kwenye skrini, na yenyewe spidi inaikokotoa kutokana na wati, uzito wako na mlima uliopo kwenye skrini, kwa hiyo kilomita zake zina akili kidogo kuliko za kaka hapo juu. Bado naziandika mbali. Kwenye Strava, apu ya kurekodi mazoezi, kuna sehemu ya kuonyesha kwamba ni ya ndani, itiki hiyo, maana usipotiki watu wanadhani umepita Bunju na spidi ya 37.

Na wanaodharau mazoezi ya ndani niwakumbushe Mathew Hayman, mwendesha baiskeli wa Australia, 2016 alivunjika mkono mwezi wa pili, akajifungia anakanyaga treina wiki na wiki, mwezi wa nne akaenda Paris-Roubaix, yale mashindano ya Ufaransa ya barabara za mawe, akamshinda bingwa Mbelgiji Tom Boonen kwenye mita za mwisho. Alijengewa ndani huyo. Ila angalieni vizuri, ushindi alipewa kwa kilomita za kwenye mawe.

Karura_Loop
Niko Nairobi, kwetu tulikuwa na vita kama hii hii. Tukaamua hivi, ndani tunahesabu masaa, nje tunahesabu kilomita, kila moja na target yake na hakuna kuchanganya. Kelele ziliisha. Lakini ukweli semeni wote, saa moja ya ndani ni ngumu kuliko saa moja ya nje, hakuna kuteremka mteremko umeacha kupiga pedali, ukiacha tu tairi linasimama. Nje unaweza kupumzika dakika 15 kwa saa bila kujua.

Dada_Nesi
Hiyo ni kweli, ila na joto nalo linadanganya. Sebule ya Dar bila feni mapigo yanapanda kwa sababu mwili unahangaika kujipoza, sio kwamba miguu imefanya kazi zaidi, halafu saa ya mkononi inaona mapigo 155 inakupa kalori za bure. Weka feni mbele yako, kaka, na maji, na taulo juu ya hendo.

Fundi_Gia
Taulo ni muhimu, jasho lina chumvi linakula bolti za hendo mpaka zinaota kutu, nimeshafungua baiskeli za watu nikasikitika. Na usitumie tairi lako zuri kwenye roda, linasagika na kuwa bapa katikati, funga lile la zamani.

Kidume_cha_Pugu
Haya mi nakubali 480 kwa shingo upande. Lakini kilomita 100 za mwisho zipigwe nje, na tukuone kwa macho.

Mkanyagaji_Tegeta
Wakuu nimerudi. Nimepeleka hesabu ya Fundi kwenye grupu kama ilivyo, masaa 20 mara 24. Wanne wamekubali, yule wa jikoni amegoma kwanza halafu ikagundulika naye mwezi wa tatu alisahau kuzima apu akapanda nayo gari mpaka Kibaha, akawa mpole ghafla. Tumekubaliana za ndani zinaingia kwa muda, mwisho masaa 25 kwa mtu, na wote wanatiki.

Kwa hiyo zimebaki 1,308 kwa wiki 9, kama 145 kwa wiki. Daktari kaniruhusu kuanzia wiki ijayo.

Karura_Loop
Inawezekana, jumamosi moja ya Bagamoyo unakata zaidi ya nusu ya hizo 145.

Kidume_cha_Pugu
Mvua ikiruhusu. Na hiyo treina unaiuza shilingi ngapi?